YAH: KUFUNGA MUHULA, NA MICHEZO YA WATOTO WA AWALI MSIMU HUU WA BARIDI

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Muhula unafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ripoti zichukuliwe na mzazi au mlezi mwenyewe, si dereva wala kaka mkubwa, na vitabu vya maktaba virudishwe kabla ya siku hiyo.

Naomba nianze na lililotufurahisha. Mnaikumbuka ile sehemu ya nyuma ya madarasa ya awali, iliyokuwa makaburi ya madawati mabovu. Walimu wameisafisha na kuijaza mchanga, magogo, matairi, ndoo, mashuka ya zamani na maboksi mliyotuletea, na leo mgeni akifika shuleni hapo ndipo ninapompeleka kwanza. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini hatukununua bembea. Mwaka 1943, jijini Copenhagen, mbunifu wa bustani Carl Theodor Sørensen alishiriki kuanzisha katika eneo la Emdrup uwanja wa watoto uliojaa mbao na mabaki ya vitu, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba watoto waliviacha viwanja alivyowachorea kwa ustadi wakaenda kuchezea penye ujenzi. Nasi tumeyaona hayo hayo kwa macho yetu, maana bembea hubaki kuwa bembea, lakini boksi asubuhi lilikuwa meli, baada ya mapumziko likawa zahanati, na kabla ya kengele ya mwisho lilikuwa pango ambalo mimi mwenyewe nilikatazwa kuingia.

Siku ambayo sitaisahau ni ile ya barafu. Walimu waligandisha maji kwenye mabakuli usiku kucha, ndani yake wakiwa wametia vifungo, majani makavu na makombe ya konokono, kisha asubuhi wakawakabidhi watoto mabonge hayo uwanjani pamoja na maji ya vuguvugu, vijiko na chumvi, bila kuwaeleza la kufanya. Wengi walianza kwa kugonga. Mtoto mmoja ambaye tangu muhula uanze hatukuwa tumesikia sauti yake darasani ndiye aliyegundua kwamba palipomwagwa chumvi barafu huyeyuka upesi na kufanya vishimo, akawaita wenzake kwa sauti kubwa waje waone. Darasa la awali halihitaji kuambiwa kwamba chumvi hushusha kiwango cha joto ambacho maji hugandia. Jina la jambo hilo litawafikia baadaye, lakini jambo lenyewe wamekwisha kulishika kwa vidole vyao. Nilipoinama kutazama niliambiwa nisogee, nawazibia jua, nami nikasogea.

Wiki iliyofuata walichora vivuli vyao kwa chaki asubuhi na tena mchana, wakabishana ni nani aliyewapunguza urefu.

Sasa niseme yale yasiyopendeza. Asubuhi zenye baridi, daftari la mahudhurio la awali limekuwa na nafasi tupu nyingi kiasi cha kutia aibu, na ujumbe unaonifikia ni ule ule kwamba mtoto ataugua mafua. Mafua huletwa na virusi, na virusi hivyo huenea kwa urahisi zaidi pale watu wanapojifungia pamoja ndani ya chumba kisichopitisha hewa, yaani pale pale mnapowaficha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu hadi minne aushughulishe mwili kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, na sijaona mahali linaposema isipokuwa wakati wa baridi. Kinachotakiwa ni mavazi. Nguo mbili tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hutunza joto vizuri, na mtoto anaweza kuvua moja akianza kutoka jasho. Skafu ndefu na kofia zenye kamba zibaki nyumbani, kwani hunasa kwenye magogo ya kupandia.

Lipo tukio ambalo nimelitafakari kwa majuma kadhaa kabla ya kuliandika. Mzazi mmoja aliingia uwanjani saa za masomo bila kupita ofisini, akamkuta mwanawe kwenye jiko la matope la kuchezea, akamvuta kwa mkono mbele ya wenzake, akamkemea mwalimu kwamba halipi ada ili mtoto aje kufinyanga udongo, na wakati wa kutoka akakikanyaga kibanda cha maboksi ambacho watoto walikuwa wakikijenga kwa siku tatu. Sitamtaja, na nimekwisha kuzungumza naye faragha. Ila mjue kwamba tope lilifuliwa likatoka siku hiyo hiyo, ilhali mtoto yule kwa wiki mbili alisimama pembeni akiwa ameficha mikono mifukoni, hata mchanga mkavu hakutaka kuugusa. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inautaja mchezo kuwa haki yake. Shule hii haitamwomba mtu mzima yeyote radhi kwa kuitimiza. Mwenye malalamiko, mlango wangu uko wazi, nami nitamsikiliza hadi amalize. Kuanzia muhula ujao, mtu mzima atakayeingia uwanjani bila kibali cha ofisi atatolewa, awe nani.

Kuhusu mchango wa uwanja, waliolipa nawashukuru. Wasiolipa ni wengi, na miongoni mwao wamo waliopiga picha nyingi kuliko wote siku ya barafu. Mwenye shida ya kweli aje tuzungumze, tutapanga naye awamu; asiye na shida, mwisho ni siku ya kuchukua ripoti.

Shule ikifunguliwa, kila mtoto wa awali alete buti za mpira, soksi za akiba na nguo kuukuu ambayo hamtaililia, vyote vikiwa vimeandikwa jina. Maboksi tunayapokea hata wakati wa likizo; yaachwe kwa mlinzi, yakiwa makavu.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu