Mwanangu, nitumie ukurasa uliobaki

Kilifi, Jumapili usiku

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama goti limepoa.

Shangazi yako ndiye aliyeniambia kwamba umeshakula kiapo cha jeshi la akiba la Marekani. Ningependa kulisikia kwako kwanza, lakini tuliache. Zile picha mbili za mkataba nimezisoma hata macho yakaniuma. Pameandikwa miaka minane. Wewe uliniambia wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, hiyo minane hukuitaja. Tena fomu yenyewe inasema wazi: ahadi zote ni zile zilizo humu na kwenye viambatisho, lolote jingine uliloahidiwa na yeyote halitatimizwa. Kiambatisho hukunitumia. Hicho ndicho ninachokitaka.

Je, 68K, namba ya kazi uliyoiomba, imeandikwa? Ulinieleza kuwa 68K ni maabara, mafunzo ya wiki 52, na 68W ni tabibu wa vitani, wiki 16. Tofauti ni herufi moja. Moja inakukalisha mbele ya hadubini, nyingine inakupeleka mbio na machela. Siidharau hiyo ya pili, anayemfunga majeruhi damu isimwishe amefanya kazi kubwa. Lakini siyo uliyoiomba. Itafute hiyo K kwa kidole chako.

Na usinijibu kwamba afisa aliyekusajili ni mtu mwema. Mkuu wa kile chuo nilichokupeleka kusomea maabara naye alikuwa mwema, aliniwekea chai, akakubali karo kidogo kidogo. Barua ya kukuita KMTC, chuo cha serikali cha utabibu, ilikuwa kabatini. Mtu mzima, miwani mfukoni, asiulize kama bodi ya maabara inakitambua chuo chenyewe. Miaka mitatu ikaenda, na haikuwa yangu, ilikuwa yako.

Shangazi yako anasema watu wa maabara hawapelekwi vitani. Hospitali ya mahema ikihama, maabara inahama nayo, kwani damu ya majeruhi itapimwa wapi? Kwa hiyo usinifiche. Wanaweza kukuita, najua. Nataka tu wakikuita wakuite kwa kazi uliyosomea.

Wiki 10 za mwanzo, za kukimbia na kulenga shabaha, unasema simu itakuwa nadra. Kula unachopewa, usichague kama hapa. Ukifika San Antonio kwa mafunzo ya maabara utakaa darasani na vijana walioiona malaria kwenye picha tu. Wewe uliitafuta kwenye damu ya bibi yako ukaipata, wakati zahanati ilishasema hana kitu. Mwalimu akiuliza, inua mkono. Unayo tabia ya kujua jibu ukanyamaza, na hilo limekuchelewesha zaidi ya umaskini wetu. Kwenye makundi ya damu, soma jina la chupa mara mbili, hata ukiwa umechoka, hata kama nyuma yako anasimama mkubwa anayekuharakisha. Chupa ikibadilika jina, mtu anakufa wodini na wewe uko maabara hujui.

Wale unaowatunza kwenye nyumba ya wazee, waage vizuri. Baba yako amejivunia hiyo kazi pia, ingawa hakusema.

Mabati ya jikoni yamefika. Fundi anataka nusu kabla hajapanda juu, mama yako amekataa, wameacha kusalimiana. Mbuzi mweusi amezaa pacha. Pesa za mwezi huu usitume, nunua viatu vizuri vya kukimbilia. Mdogo wako anataka kufuata maabara kama wewe. Juzi nilimkalisha mezani, tukatafuta jina la chuo chake kwenye orodha ya bodi, herufi kwa herufi, kabla sijatoa hata shilingi. Alikasirika kwa vile nilivyorudia mara tatu. Mwambie wewe, atakuelewa.

Sasa hicho kiambatisho. Kama 68K haimo, uliza kabla hujaripoti, usingoje kufika kambini. Kama imo, nitumie hivyo hivyo niione. Piga picha mchana, karibu na dirisha. Ile ya pili kivuli cha mkono wako kimefunika mistari ya chini, na mimi ndiyo niliyotaka kuisoma.

Baba yako