Mzani umeshuka, kiuno kiko palepale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makopo ya unga wa ketoni yanayopitishwa saluni hadi saluni hapa Mwanjelwa, yakiuzwa kwa wanaotaka kupungua kwa mlo wa keto, yaani kuacha karibu wanga wote. Mimi ni fundi cherehani, sina cheti cha lishe. Lakini kazi yangu ni kupima viuno, na msimu wa harusi ukikaribia wateja wa "nishonee ndogo, nitakuwa nimepungua" wanajaa kibandani.

Juzijuzi dada mmoja wa sare ya sendofu alinionyesha picha ya mzani kwenye simu: kilo 4 zimeondoka ndani ya wiki. Nikamzungushia futi kiunoni. Inchi 38, kama ilivyo kwenye daftari langu. Akabana tumbo, nikamwambia aliachie. 38. Akanuna, akasema futi yangu imevutika.

Futi ni nzima. Kilichotoka ni maji. Wanga tunaokula mwili huuwekea akiba kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu kama 3 za maji. Ukiacha ugali na wali ghafla akiba inatumika, maji yanaishia chooni, mzani unashuka. Ukirudia wali, na maji yanarudi. Wauzaji wanaijua sana wiki hiyo ya kwanza. Ndiyo wanayoipigia picha.

Mlo wa keto wenyewe si uongo. Ulibuniwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, na jina la keto lilitoka kwa daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1921. Hadi leo unawasaidia baadhi ya watoto ambao dawa za kifafa zimeshindwa kuwatuliza. Kupungua pia watu wanapungua, ila taratibu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2018 ulichukua watu 609 kwa mwaka mzima: waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0. Hao wa wanga, kwa wastani, hawakukaa kwenye kiwango cha keto, na tofauti kati ya makundi hayo mawili haikufika kilo moja.

Keto inataka wanga usizidi gramu 20 hadi 50 kwa siku. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu kama 45. Sasa nionyesheni mtu wa Mbeya aliyepakuliwa wali wa Kyela akaishia kikombe kimoja! Na bado hujagusa ndizi za Tukuyu wala viazi. Tulichojaliwa ni parachichi la Rungwe, hilo keto inalikubali, na ni nafuu mno kuliko kopo.

Hapo kwenye kopo ndipo penye hasira yangu. Anayekata wanga, ini lake hutengeneza ketoni kutokana na mafuta ya mwilini. Ketoni ni dalili kwamba mafuta yanatumika. Muuzaji anakupa dalili ile uinywe. Ni sawa na kupaka chungu masizi ili majirani wadhani umepika. Ukipima damu utazikuta ketoni, kweli, lakini ni za kopo, na zenyewe ni chakula chenye nishati. Mwili ukizipata za bure hupunguza kuyeyusha mafuta yake. Kitambi kinakaa.

Wengine wananywa huo unga na kushinda njaa, maharage hawagusi, nyama hawagusi. Hao nawajua kwa mikono ya gauni: inalegea begani kabla kiuno hakijasogea. Misuli imeliwa.

Kuna mama wa Uyole anayechoma insulini, naye aliambiwa aanze tu, "ni asili". Nilimsihi aende kwanza kliniki yake, kwa sababu ukikata wanga na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi uzimie. Ukijiachisha insulini nako ketoni zinaweza kupanda hadi damu igeuke tindikali, na hiyo inaua. Wenye presha nao wajue kwamba unga mwingi wa aina hii hubeba ketoni zake pamoja na chumvi ya sodiamu. Kopo nililoshika mimi halikuwa na neno la Kiswahili hata moja.

Ombi langu kwako, Mhariri: msichape tangazo la unga huu kabla muuzaji hajawaonyesha usajili wake. Vyakula viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, si kazi ngumu kuuliza. Na ukurasa wenu wa afya umtafute mtaalamu wa lishe aeleze, kwa kuwa wateja wangu hawaniamini mimi na futi yangu.

Kwa sasa nimebandika tangazo kibandani: sare nashona kwa kipimo cha siku hiyo, naacha inchi mbili kwenye mshono, na kubana baada ya kupungua ni bure.

Fundi cherehani,
Mwanjelwa, Mbeya