Mtoto anayeshindwa kusoma asiitwe mvivu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie wanafunzi wenye disleksia, wale ambao akili zao ni timamu lakini herufi zinawapiga chenga. Mtoto wa namna hii hukusimulia hadithi nzima kwa mdomo, tena kwa mpangilio mzuri. Mpe kitabu, atavuta silabi moja moja huku wenzake wameshafungua ukurasa mwingine. Wengi huishia kuchapwa na kuitwa wavivu. Inaniuma sana.

Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Ni jambo jema. Lakini mtoto ambaye hajawahi kupimwa atauombaje muda huo? Ulemavu wake hauonekani kwa macho.

Chuo cha Patandi, Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Wizara iwapeleke na katika shule za kawaida, wawatambue watoto hawa tangu darasa la kwanza. Nasi walimu wa kawaida tuwaruhusu wajibu maswali kwa mdomo. Hilo halisubiri bajeti.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro