Saa za kusubiri za wahudumu wa ndege zihesabiwe kisheria

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie saa za kazi za marubani na wahudumu wa ndege. Nilikuwa dereva wa treni hadi nilipostaafu, na binti yangu ni mhudumu wa ndani ya ndege katika kampuni ambayo sitaitaja.

Alipokuja likizo hapa Tabora alinionyesha daftari anamoandika siku zake. Siku moja alivaa sare saa 9 usiku, ndege ikakwama kwa hali ya hewa, akarudi nyumbani saa 10 jioni. Katika saa hizo 13, za kuruka zilikuwa 3 tu. Siku iliyofuata hakuruka kabisa, lakini ameandika: "Nyumbani, simu mkononi." Hakuweza kwenda sokoni wala kumpeleka mtoto kliniki, kwa kuwa angeweza kuitwa wakati wowote. Nilimwelewa vizuri, maana hata sisi wa reli, usiku tuliojua kwamba mwita zamu atakuja kugonga mlango, usingizi haukuja.

Ulaya wamelishughulikia jambo hili. Machi 2000 wawakilishi wa wafanyakazi na wa mashirika ya ndege walikubaliana, na Novemba mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukayapa makubaliano yao nguvu ya agizo, ambalo nchi wanachama zilitakiwa kuliingiza katika sheria zao ifikapo Desemba 1, 2003. Agizo hilo linaweka kikomo cha saa 2,000 za kazi kwa mwaka, ambamo za kuruka hazipaswi kuzidi 900, zikihesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama tena na injini kuzimwa. Linatoa pia likizo yenye malipo isiyopungua wiki 4, uchunguzi wa afya bila gharama, na siku za mapumziko zisizopungua 7 kila mwezi na 96 kwa mwaka. Siku hizo lazima zitangazwe mapema, na kwangu mimi hilo ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu mapumziko usiyoyajua kabla huwezi kuyapangia chochote.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua saa 45 za kawaida kwa wiki, kipimo kinachomfaa karani kuliko mtu ambaye wiki zake hazifanani. Naiomba wizara inayohusika na kazi, pamoja na wabunge wetu, waweke humo pia kikomo cha saa za kazi kwa mwaka kwa watumishi wa angani.

Lakini tusinakili tu. Agizo la Ulaya linasema baadhi ya muda wa kusubiri kuitwa uhesabiwe kuwa kazi, kisha linaiachia sheria ya kila nchi iamue ni upi. Sheria yetu ikinyamaza hapo, mwajiri ndiye atakayeamua, na msichana mwenye mkataba wa mwaka mmoja hatathubutu kumbishia. Naomba iandikwe waziwazi kwamba saa za kukaa na simu mkononi zinahesabika, na ni kwa kiwango gani.

Dereva mstaafu wa treni,
Isevya, Tabora