Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: kipindi kilichopo ukutani, darasani hakipo

Ndugu Afisa Elimu,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, pokea salamu za heshima. Mimi ni mzazi wa mtoto wa darasa la nne hapa Moshi mjini, na kazi yangu ni useremala. Nakuandikia juu ya kipindi kimoja tu, cha Sanaa na Michezo. Nakuandikia hadharani kwa sababu nimezungumza na wazazi wa shule nyingine na wote wanaimba wimbo huohuo.

Mwalimu wa Hisabati wa kijana wangu aliniita niende na vifaa vyangu nikawaonyeshe watoto pembe. Nikaomba nibaki hadi mwisho wa masomo, mwalimu mkuu akakubali. Nikapewa nafasi dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu.

Darasa lina watoto sabini na kitu, wakati kiwango cha Serikali ni watoto 45 kwa mwalimu. Nilitegemea fujo. Lakini tulipoanza niliwauliza: kona ya chumba hiki ni pembe mraba? Wakaitikia wote kwa pamoja, "Ndiyoo!" Nikawapa futi na chaki. Pimeni sentimita 60 ukuta huu, mweke alama. Pimeni 80 ukuta ule, mweke alama. Sasa pimeni kutoka alama hadi alama. Ikija 100 kamili, kona iko skweya. Fundi yeyote anayepiga mlango au kabati anaijua hesabu hiyo, hata kama shuleni hakufika mbali. Ikaja 102. Wakarudia, 102 tena. Binti mmoja wa mbele, mdogo kuliko wenzake, akasema: "Basi hiyo ni pembe butu." Hakuna aliyekuwa amemwambia. Baada ya hapo waligombania futi: dawati, fremu ya mlango, ubao wenyewe. Mwalimu akawaacha, na dakika 40 za kipindi zilipokwisha ilibidi awanyang'anye futi kwa nguvu.

Kiswahili ilikuwa zamu ya vitendawili. Zile za siku zote zikapita, yai na kinyonga, kisha mwalimu akawataka watunge vyao. Mtoto akatega: "Asubuhi nimevaa kofia nyeupe, mchana nimejifunika blanketi." Jibu ni Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, na aliyewahi kukaa Moshi anajua blanketi ni yale mawingu ya saa tano. Kiingereza waliimba, nami nikaimba nao. Uji ulikuwa mwembamba, ila hilo ni letu wazazi na michango yetu, silileti kwako.

Katika Historia ya Tanzania na Maadili, mwalimu alisimulia habari za Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani hukohuko tarehe 2 Machi 1900, na masimulizi kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Watoto waliuliza maswali ambayo mtu mzima angeyaonea haya. Aliyekichukua alikibeba kwenye nini? Mbona wasiulizwe waliokichukua? Mmoja akasema bibi yake anakaa kulekule juu, na mwalimu, badala ya kumnyamazisha, akamtuma akamuulize bibi na aje kusimulia wiki inayofuata. Somo hilo mtoto wa Moshi anaweza kulifuata kwa miguu.

Kisha kikafika kipindi cha Sanaa na Michezo. Mwalimu aliingia na karatasi za maswali ya kujipima ya Hisabati. Watoto walikuwa wameshatoa kalamu kabla hajafika mezani, na hicho ndicho kilichonishangaza: hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Ratiba ukutani inasema vingine.

Nilimuuliza baadaye, kwa adabu. Akaniambia Upimaji wa Darasa la Nne uko karibu, na matokeo yakitoka hakuna atakayemuuliza wangapi wanajua kuchora au kufinyanga. Simlaumu. Hata mimi ningekuwa na sabini na kitu mbele yangu na jina langu kwenye orodha ya ufaulu, ningefanya hivyohivyo.

Lakini tazama tunakoelekea. Watoto hawa walikuwa darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza. Wao ndio watakaomaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, kisha waingie sekondari ambako Sera ya Elimu, toleo la 2023, imewafungulia mkondo wa amali, yaani wa kujifunza ufundi na kazi za mikono au vipaji. Mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu achague useremala, ushonaji, muziki au michezo, na hajawahi kushika patasi, sindano, ngoma wala mpira ndani ya saa za masomo? Atachagua kwa kusikia. Au atapelekwa huko kwa sababu alama zake za Hisabati zilikuwa chini, na sisi mafundi tutaendelea kuonekana watu walioshindwa shule.

Ombi langu halihitaji bajeti mpya. Ukaguzi ukipita, andalio la somo lisomwe, sawa, lakini waulizwe na watoto: Sanaa na Michezo mara ya mwisho mlifanya nini? Jibu lao liingie kwenye taarifa pamoja na ufaulu. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka ni ndogo na sehemu yake ni ya vitabu, najua. Basi shule iandikiwe wazi kwamba inaruhusiwa kuwaita mafundi, washonaji na wapiga ngoma wa mtaani kwake, mradi mwalimu awepo darasani na kipindi kibaki chake. Siku hizi mwalimu mkuu akiwaza kumwita mtu wa nje, anawaza kwanza nani atamuuliza.

Kwa upande wangu nina mabaki ya mbao ambayo huwa nayatoa kuni, na msasa wa kutosha. Darasa la sabini likigawanywa makundi linaweza kutengeneza rula na skweya zake lenyewe kwa vipindi vichache. Barua ya ruhusa ikifika kwa mwalimu mkuu, nitakuja siku ile ile ratiba inayosema.

Wako,
Mzazi na fundi seremala, Pasua, Moshi