Hatung'ang'anii maji kwa ujinga

Mhariri,

Kila kiangazi Mto Ruaha Mkuu unapokauka, na umekuwa na tabia hiyo tangu mwaka 1993, lawama zinatushukia sisi wakulima wa mpunga wa Usangu: tunamwaga maji, tunaua ardhi oevu ya Ihefu, tunakausha bwawa la umeme la Mtera. Sehemu ya lawama naikubali. Ninachokataa ni dawa tunayoletewa, yaani semina nyingine ya kutueleza kwamba mpunga si samaki, hauhitaji kuishi majini muda wote. Hilo tunalijua.

Msimu uliopita, ili nione maji yaliyo chini ya udongo, nilikata bomba la plastiki la inchi 4, urefu sentimita 30, nikalitoboa matundu upande wa chini, nikalizika nusu jarubani, yaani kwenye kipande cha shamba chenye kingo, na kutoa udongo wa ndani. Baada ya siku kadhaa jaruba lilionekana limekauka, nyufa nyembamba zimeanza, hata jirani akaniuliza kama nimehama shamba. Nikachovya kijiti bombani: maji yapo, sentimita 9 tu chini ya ardhi. Mizizi ilikuwa inakunywa vizuri. Yakishuka hadi sentimita 15 ndipo unafungulia, unajaza sentimita 5, unafunga. Kazi hiyo unaianza wiki mbili hivi baada ya kupandikiza, miche ikishashika, na uwe tayari kwa palizi, maana magugu hupenda jaruba lisilo na maji. Ila mpunga ukikaribia kuchanua, mchezo huo unaacha: wiki moja kabla na moja baada, maji yasimame. Yakikosekana hapo unavuna mapepe, maganda yasiyo na punje.

Nami nikavuna mapepe. Mpunga ukiwa na mimba, karibu kuchanua, zamu yangu ilikuwa Jumanne. Nilifika saa kumi alfajiri na koleo langu, nikakuta mfereji una tope na vyura. Wenzetu wa kichwani mwa mfereji, karibu na banio linaloingiza maji ya mto, walifungulia usiku kucha, majaruba yao yamefurika hadi maji yanamwagikia mtaroni. Kwangu yalifika Jumatatu iliyofuata.

Sasa niambie, mtu wa mkiani, mwisho wa mfereji, kama mimi atathubutu tena kuacha jaruba likauke? Asiye na hakika ya maji ya kesho huyaficha leo, na jaruba ndilo tangi lake. Anayetuona tumejaza maji hadi magotini anadhani hatujasoma.

Ninachoomba kwa viongozi wa vyama vyetu vya umwagiliaji ni zamu inayofuata umri wa mpunga. Unaochanua upewe kwanza. Mwenye maji bombani asubiri. Ili hilo liwezekane, eneo la mfereji mmoja lipandikize ndani ya wiki mbili au tatu, si kama sasa ambapo huyu anavuna na jirani yake ndiyo kwanza anavuruga tope apandikize. Mageti yawekewe kufuli. Mgawa maji alipwe kwa ada zetu, asiishi kwa hela ya soda kutoka kichwani. Na faini ya kuiba maji ilipwe hata na mjumbe wa kamati.

Kitalu cha msimu huu nimeshakimwagia mbegu. Nikiona kufuli getini, bomba nitalirudisha shambani. Nisipoliona, nitajaza hadi kingo zilie.

Mkulima wa mkiani,
Usangu, Mbarali