Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: karo ya chuo inatukuta wakati wa kusi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Nairobi.

Assalaam alaikum na pole na kazi Mheshimiwa. Mimi niko Lamu mjini, Langoni, nina saiba ndogo, kompyuta mbili na printa moja yenye kiburi, na kila mwaka KUCCPS ikishapanga watoto vyuoni hapa kwangu panajaa watu kutoka visiwani kote, Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau hadi Kiwayu, wamekuja kujaza maombi ya skolashipu na mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi. Sikuandikii kushtaki ofisi ya mtu. Nakuandikia kuhusu vitu viwili hasa, kile kipato cha mwezi mnachotupimia na ile tarehe ya kuripoti chuo, maana hivyo viwili vikikutana ndipo mtoto wa mvuvi anapobaki nyumbani na barua yake ya admishen ndani ya bahasha ya kaki.

Nianze na tarehe. Wanafunzi wapya wanaripoti vyuoni mwisho wa Agosti na Septemba. Huku kwetu kuanzia Aprili mpaka Septemba ni kusi, msimu wa upepo wa kusini, na Juni, Julai, Agosti ndio kilele chake, upepo haucheki na mtu, mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba, watu wanavua humu humu ndani kwenye mikoko na mikondo na wanarudi na samaki wa kitoweo tu, wa kuuza hakuna. Na usidhani ni wavuvi peke yao, Shela nako mwanzo wa kusi baadhi ya hoteli zinafunga ama zinabaki na wafanyikazi wachache, wanaobeba abiria kwa boti wanalala kwenye baraza mchana. Pesa ya Lamu inaingia kaskazi, Novemba Disemba mpaka Machi, hapo bahari imetulia, kamba na pweza wanapatikana, wageni wamejaa, hata deni la dukani linalipika. Kwa hivyo serikali inamuuliza mzazi wa hapa mchango wake ule mwezi ambao hana, halafu Januari akiwa nao mtoto ashapoteza semista.

Sasa kipato. Bendi zenu tano zile za 2024, ngazi za kipato mnazogawia skolashipu na mkopo, nimezibandika ukutani kwa karatasi ya A4, kwa sababu nilichoka kuzirudia. Bendi ya 1 ni familia ya kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, skolashipu inalipa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo asilimia 25, familia asilimia 5. Bendi ya 2 mpaka 23,670, ni 60, 30 na 10. Bendi ya 3 mpaka 70,000, ni 50, 30 na 20. Ya 4 mpaka 120,000 familia inalipa asilimia 30, na ya 5 juu ya hapo asilimia 40, lakini hizo mbili kwangu haziulizwi sana, wenyewe wana kompyuta zao nyumbani.

Mwaka jana alikuja ami mmoja wa Kizingitini na bintiye, mkono umekauka chumvi, simu yake ameifunga kwa karatasi ya nailoni isiingie maji. Nikamuuliza, "Ami, kwa mwezi wapata ngapi?" Akaniangalia kama nimemtania. "Mwezi upi mwanangu? Wa kusi ama wa kaskazi?" Binti akacheka, mimi sikucheka kwa sababu lilikuwa jibu la maana kuliko yote niliyoyasikia msimu ule.

Hebu tupige hesabu pamoja Mheshimiwa, ya mfano tu. Tuseme mvuvi kaskazi anapata 40,000 kwa mwezi, miezi mitano. Hiyo ni 200,000. Miezi saba iliyobaki anapata 5,000, ni 35,000. Akijibu kwa mwezi wa Januari yuko Bendi ya 3. Akijibu kwa mwezi wa Julai yuko Bendi ya 1. Ukijumlisha mwaka mzima, 235,000, ukagawanya kwa 12 unapata kama 19,580, Bendi ya 2. Mtu ni yule yule, mashua ni ile ile, na hajadanganya pahali popote, lakini ana bendi tatu. Na kozi ikiwa ni ya 200,000 kwa mwaka, mchango wa familia unakuwa 40,000 ama 10,000 ama 20,000 kulingana na mwezi uliomjia kichwani siku ile aliyokaa kwenye kiti changu. Najua mnaangalia na mengine, shule aliyosoma mtoto, idadi ya ndugu walioko masomoni, ulemavu, mahali anakotoka, sawa, lakini kipato ndicho kinachotangazwa na ndicho wazazi wanachojipimia, na wengine wakiona jibu lao ni kubwa wanakata tamaa hata kabla hatujamaliza kujaza.

Tena hiyo 40,000 yenyewe ni ya nini? Samaki wakiuzwa kwanza yanatolewa mafuta na barafu, halafu chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha na mabaharia wanagawana kilichobaki. Kuna mtu atakwambia "jana tumeuza samaki wa 12,000" na mfukoni mwake ana 900. Mwenye payslipu hawezi kukosea hili swali, sisi huku swali lenyewe linatukosea.

Ombi langu la kwanza basi ni hili, muulizeni mvuvi kwa mwaka na kwa msimu, muandike chini yake kwa Kiswahili kwamba ni pesa iliyobaki baada ya gharama ya chombo. Ni mstari mmoja kwenye tovuti, sidhani utafilisi wizara. Rufaa ya kubadilishiwa bendi najua ipo, lakini rufaa inataka stakabadhi na muda, na mtu wa Kiwayu ili aje mjini kushughulikia rufaa anasubiri boti na boti inasubiri maji.

La pili ni ule mchango wa familia. Vyuo vingi vinataka nusu yake mwanzo wa semista ya kwanza, nusu semista ya pili. Kwa nini usiseme kwa familia za uvuvi semista ya kwanza walipe kidogo, robo hivi, na kinachobaki kilipwe kufikia Februari? Si msamaha, ni pesa ile ile, tunaomba tu ifuate bahari. Wenzetu wa Mpeketoni na Hindi kule bara, wakulima, nao wana kalenda yao, waulizwe wenyewe, mimi sitawasemea. Ila mtoto asinyimwe kusajili yuniti wala kufanya mtihani kwa sababu babake anangoja upepo ugeuke.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Nairobi hawalitaji kabisa, riba. Lamu ni mji wa Kiislamu na hili si jambo dogo. Mkopo wa HELB unatozwa asilimia 4 kwa mwaka, na mzee akisikia tu "riba" anasimama anavaa viatu, na anaiacha skolashipu pia! Kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba skolashipu ni kitu mbali na mkopo, hairudishwi, haina riba, ni ya Universities Fund, mfuko wa serikali wa vyuo vikuu, na mkopo ndio wa HELB. Yote mawili yameingia kichwani mwake kama "pesa ya serikali ya riba". Nimeona mtoto wa B+ karibu akose asilimia 60 ya karo kwa sababu ya kuchanganya huku, tukamfuata babake mpaka msikitini tukamsubiri atoke. Mheshimiwa, wekeni tamko la wazi, kwa Kiswahili, la kusomwa baada ya swala ya Ijumaa: skolashipu ni hii, mkopo ni huu, anayejiepusha na riba ana njia hii na hii. Mkilinyamazia litajibiwa na mtu wa barazani, na wa barazani wana majibu mengi.

Na wanaochukua mkopo nao waambiwe ukweli wote, si nusu. Watoto wengi wanaamini apkipu, ile pesa ya kujikimu chuoni, ni zawadi. Apkipu ni mkopo, Bendi ya 1 ni 60,000 kwa mwaka, ya 2 ni 55,000, ya 3 ni 50,000, na inaandikwa kwenye deni lako pamoja na ile asilimia ya karo. Chukua yule wa Bendi ya 3 wa kozi ya 200,000, mkopo wa karo 60,000 na apkipu 50,000, ni 110,000 kwa mwaka, akimaliza miaka minne ana deni la 440,000 kabla ya riba. Asilimia 4 ya hiyo ni 17,600 kwa mwaka. Anapewa mwaka mmoja baada ya kumaliza ndipo aanze kulipa, na akinyamaza kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Si kwamba nawatisha, mimi mwenyewe nawaambia chukueni kama hamna njia nyingine, lakini mtoto wa miaka 18 anayebonyeza "nakubali" kwenye kompyuta yangu ana haki ya kujua amekubali nini, na saa hizi anayemwambia ni mimi, mwenye saiba, kati ya kuchapisha bango la harusi na kujaza salio la mtu.

Apkipu yenyewe, mie huwaambia waigawanye kwa wiki, wasiigawanye kwa mwezi. Bendi ya 2 ukipata 27,500 kwa semista na semista ni kama wiki 16, hiyo ni kama 1,700 kwa wiki, na hapo hujatoa pango la chumba, bando la data, fotokopi, sabuni. Ukitoa pango kwanza utaona kilichobaki ni cha kula mchana mesi na jioni kupika. Na kabla hata haijaingia kuna ile safari, boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, wengine waendelee Nairobi ama Eldoret, ufike ununue godoro, ndoo, sufuria na shuka. Apkipu haikusubiri mlangoni siku unashuka kwenye basi. Kwa familia ya kusi wiki hizo tatu nne za mwanzo ndizo ngumu kuliko miaka minne yote, na hazimo kwenye bendi yoyote. Mkiweza kutoa hata sehemu ya apkipu ya kwanza kabla ya siku ya kuripoti, kwa wale wanaotoka kaunti za mbali, mtakuwa mmetibu pale panapouma.

Najua na nyinyi mna mambo yenu ya korti. Disemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huu wa bendi haufuati katiba, Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi ule, kwa hivyo mfumo ukaendelea. Sawa. Lakini mabadiliko ninayoomba yanafaa mfumo wowote mtakaobaki nao, maana hata mkirudi kwa ule wa zamani kusi itakuwepo.

La mwisho, tumeni watu. Si Lamu mjini tu kwenye ukumbi wenye maji ya chupa na bango, mfike Faza na Kizingitini, na mje na mtu anayeongea Kiswahili cha kueleweka, akae na wazazi na kalkuleta, amfanyie kila mmoja hesabu yake kwa kalamu, skolashipu hii, mkopo huu, wewe baba utatoa hiki na utakitoa lini. Mama zao pia waitwe, kwa sababu kwenye nyumba nyingi za huku mama ndiye anayejua pesa iko wapi. Mje Julai mapema, kabla ya watoto kuripoti, na mjue boti ya Faza inaondoka kwa kufuata maji kujaa, si kwa saa ya ofisi, kwa hivyo msipange mkutano wa saa tatu asubuhi halafu mlalamike watu hawakuja. Ratiba ya maji ninayo hapa dukani, nitawachapishia bure.

Wako,
Mwenye saiba, Langoni, Lamu